Patisheni ya pili si diski ya pili

Hapa Dodoma, hasa kwa wanafunzi wa UDOM, nasikia sana: “Bakapu yangu iko salama, nimeiweka patisheni nyingine.” Hapana! Patisheni ni chumba tu ndani ya diski ileile. Nyumba ikiungua, vyumba vyote vinaungua. Inakufaa ukisakinisha upya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yako, lakini diski ikifa, /dev/sda2 (patisheni ya pili) inakufa pamoja na /dev/sda1 (ya kwanza).

Tafuta diski ya nje, uiformati kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux. Mpangilio wa FAT32 hautunzi umiliki wala ruhusa za mafaili, na bila hivyo mfumo uliorudishwa unaweza kugoma kuwaka. Tena Timeshift, programu ya bakapu ya mfumo wa Linux, usipobadilisha mipangilio yake, haihifadhi mafaili yako ya /home, folda ya vitu vyako binafsi. Tasnifu inakili kando. Ukimaliza chomoa diski, uifunge kabatini, mbali na vumbi letu la kiangazi. Ikibaki imechomekwa, hitilafu moja ya umeme inaweza kuziua zote mbili.