Ukitoboa boksi la ea klina, lile linaloshika chujio la hewa ya injini, unapata nini hasa?

Pikapu ya kazi, Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, inapanda mlima wa Kitonga na mzigo kwa gia ya pili huku malori yakiipumulia mgongoni. Ikifika gereji, mwenyewe anaambiwa gari "halipumui". Dawa inayotajwa kwanza ni ile ya bei nafuu: toboa boksi la ea klina, au ling'oe kabisa uweke chujio la koni lililo wazi. Jioni gari linanguruma, dereva anacheka, fundi analipwa. Kilichobadilika ni sauti.

"Boksi la kiwandani linaikaba injini." Hili ndilo linaloaminiwa kuliko yote, na bahati nzuri linapimika kwa kifaa cha bei ya soda. 1HZ ni injini ya lita 4.2. Ikizunguka mara 3,800 kwa dakika huvuta takriban lita 7,000 za hewa katika dakika hiyo moja, na ni kweli kwamba kila kona ya bomba na kila mkunjo wa chujio hukaba kidogo. Kidogo kiasi gani, sasa?

Azima ule mpira mwangavu ambao mafundi uashi hupimia levo. Ukunje umbo la U, utie maji, kisha mdomo mmoja uuchomeke kwenye bomba la hewa baada ya chujio. Magari mengi ya dizeli yana tundu hapo la kile kiashirio cha uchafu. Mdomo wa pili uachwe wazi. Gari lipande mlima akseleta ikiwa sakafuni, na mwenzako asome tofauti ya maji pande mbili. Hiyo tofauti ndiyo mkabo wote, wa chujio, boksi na bomba. Presha ya hewa pale pwani inaweza kubeba safu ya maji yenye urefu wa mita 10 na kidogo. Kwa hiyo ukisoma sentimita 25, injini inakosa kama asilimia 2.5 ya presha ya hewa yake. Hata ukitupa kila kitu ukabakiza tundu tupu, huwezi kurudishiwa zaidi ya hapo. Viashirio vingi, kwa kulinganisha, huwekwa vigeuke vyekundu kwenye sentimita 50 hadi 60 hivi.

Halafu linganisha na mwinuko. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa, inayochoka Mbeya inakabwa na mlima, na mlima hautobolewi kwa drili.

"Hewa zaidi ni nguvu zaidi." Nusu ya maneno haya ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza koni. Kwenye petroli na dizeli za kompyuta kuna sensa inayopima hewa, na mafuta hupangwa kwa kuitazama. Lakini kwenye dizeli ya pampu kama 1HZ, akseleta inaamuru mafuta. Hewa injini inajivutia yenyewe, na kwa kawaida inavuta zaidi ya mahitaji. Ukiongeza hewa bila kugusa pampu, ile ya ziada inaingia, inatembea, inatokea ekzosi. Tazama moshi: gari likipanda na mzigo bila kutoa moshi mweusi, njaa yake si ya hewa. Likitoa mweusi tii, kagua kama chujio limeziba, kisha nozeli, kisha pampu.

Walioweka turbo na kufungua pampu itoe mafuta zaidi wana kesi yao, na nawakubalia. Injini yao inavuta hewa nyingi kuliko bomba la awali lilivyokusudiwa, na hapo bomba pana na boksi kubwa ni kazi halali. Pima kwanza hata hivyo.

Tundu lenyewe lina kosa jingine. Bomba la kiwandani huvuta hewa ya nje, kwenye fenda au juu kwenye mkonga (snorkel), lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele. Tundu huvuta hewa ya chini ya boneti. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9, na joto hilo la boneti huwa kali zaidi pale gari linapopanda taratibu na mzigo. Yaani Kitonga hasa, ulikotaka msaada.

"Mkonga unasukuma hewa ndani." Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaoingia mdomoni mwa mkonga huongeza presha isiyofika hata nusu asilimia. Faida yake ni urefu: juu hewa ni baridi na vumbi ni haba. Wala haufanyi gari kuwa boti. Chini ya boksi kuna kimpira cha kutolea maji, na kila kiungo njiani kinaweza kuvuja. Maji hayabanwi, yakiingia kwenye silinda konrodi, chuma kinachoshika pistoni, inapinda. Nimeona pikapu yenye mkonga mpya unaong'aa, na boksi lake limetobolewa matundu manne. Sijui mwenye gari alitaka nini.

"Puliza tu kwa kompresa, itakuwa mpya." Hapa ndipo injini zetu zinapofia. Presha ya kompresa huchana karatasi ya chujio kwa vitundu usivyoviona, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita zinasaga ringi za pistoni, kisha gari linaanza kunywa oili, kisha unashusha injini na kulaumu oili. Tena chujio la karatasi hukamata vizuri zaidi baada ya kutumika kidogo, maana vumbi lililoganda juu yake nalo linachuja. Anayelifungua kila Jumamosi anajidhuru mara mbili, kwa sababu kila ukilitoa, vumbi fulani hudondokea upande msafi. Acha kiashirio kikuambie.

Koni za pamba zenye mafuta kwa kawaida hupitisha vumbi zaidi ya karatasi nzuri, na ukizidisha mafuta yake yanaweza kuchafua sensa ya hewa. Kwenye lami unaweza kuvumilia. Kwenye barabara za machimboni, hapana.

Na wale wanaodai chujio jipya litapunguza unywaji wa mafuta: maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu magari ya petroli ya kisasa mwaka 2009, ikakuta chujio lililoziba halibadilishi sana ulaji wa mafuta. Lililoathirika ni uchangamfu wa gari.

Kabla ya kushika drili, legeza klampu ya bomba lililo baada ya chujio. Ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, ufute ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, mpira wa chujio haukai sawa, au klipu moja ya boksi imekatika, au bomba lina ufa mahali.