Trei inayorudi jikoni: dhana potofu kuhusu wataalamu wa lishe na mazingira

Ukisimama mlangoni mwa jiko la hospitali baada ya chakula cha mchana, utaona trei zikirudi: supu imepoa ikafanya utando, mkate haujatolewa kwenye nailoni, chupa ya maziwa lishe, kinywaji cha kumwongezea mgonjwa nishati na protini, imenywewa robo. Wengi wanaona uchafu wa kumwaga. Mimi naona mgonjwa aliyeshinda na njaa, na maji, ardhi na mafuta yaliyotumika bure. Anayeweza kuzisoma hasara hizo zote kwenye trei moja ni mtaalamu wa lishe.

Dhana: Hospitali huchafua mazingira kwa umeme na taka za sindano, chakula hakimo.

Ukweli: Sekta ya afya hutoa kati ya asilimia 4 na 5 ya gesi joto, yaani zinazopasha dunia joto, na sehemu kubwa haitoki kwenye majengo bali kwenye vitu vinavyonunuliwa, chakula kikiwemo. Mifumo ya chakula kwa jumla huchangia karibu theluthi moja ya gesi joto zinazosababishwa na binadamu. Jiko linalopika mara tatu kwa siku, sikukuu na siku za kazi, haliwezi kuwekwa kando.

Dhana: Kulinda mazingira ni kumnyima mgonjwa nyama.

Ukweli: Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawafanya wauguzi na ndugu wa wagonjwa wapinge jambo ambalo hawajaelezwa. Mgonjwa aliyeungua, au mzee aliyekonda, anahitaji protini na nishati nyingi ndani ya chakula kidogo. Kwake yai, maziwa au nyama ni sehemu ya tiba, na mtaalamu wa lishe makini hamwondolei. Lakini wodi nzima haiumwi ugonjwa mmoja. Mwaka 2022, hospitali za umma za jiji la New York zilianza kutanguliza mlo wa mimea: ndio anaotajiwa mgonjwa kwanza, na anayetaka nyama anapewa. Zaidi ya asilimia 90 ya waliokula walisema wameridhika.

Mpishi peke yake hawezi kupanga hayo. Chukua mgonjwa wa figo: maharage yana potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, hivyo kiasi atakachokula kinategemea majibu yake ya damu. Hata hivyo fosforasi, madini mengine ya kuangaliwa kwa mgonjwa huyo, iliyomo kwenye maharage hufyonzwa kidogo kuliko ile inayoongezwa kwenye nyama za kusindikwa. Hapo ndipo penye kazi ya mtaalamu.

Dhana: Chakula kikibaki, mgonjwa anadeka.

Ukweli: Mara nyingi trei ilifika akiwa eksirei. Au iliagizwa jana kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuruhusiwa. Au kifuniko kimevishinda vidole vyake. Hospitali ya Mater huko Brisbane, Australia, ilipowaacha wagonjwa waagize chakula wanapokihitaji, mabaki yalipungua na wagonjwa wakala zaidi. Mabaki yakifukiwa jalalani pasipo hewa hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kiasi hichohicho cha hewa ukaa.

Dhana: La msingi ni chakula kitoke karibu.

Ukweli: Kwa vyakula vingi usafirishaji ni sehemu ndogo tu ya gesi joto, ukiacha vinavyopanda ndege. Unachonunua kina uzito kuliko umbali kilikotoka.

Dhana: Maziwa lishe na mirija ya kulishia ni tiba, hayahojiwi.

Ukweli: Aliyeandikiwa chupa mbili kwa siku alipokuwa amedhoofu huenda amesharudisha uzito, na katoni bado zinamfuata nyumbani. Apimwe upya. Aonjeshwe ladha kabla ya kuagiziwa nyingi. Palipo na maji salama na mtu wa kukoroga, maziwa lishe ya unga yanaweza kuchukua nafasi ya chupa. Lakini mrija wa kutumia mara moja hauoshwi ili kuokoa plastiki, kwa sababu maambukizi yatamrudisha mgonjwa wodini.

Dhana: Mtaalamu wa lishe hana mamlaka ya kuanzisha haya.

Ukweli: Anahitaji mizani na daftari. Kwa wiki moja mabaki yapimwe wodi kwa wodi, na kila kilo iandikwe pamoja na sababu iliyoifanya irudi.