Si kila "earth" ni sayari

Mswada wa tatu mwezi huu umefika mezani kwangu na kosa lilelile. Safari hii ni ripoti ya kilimo, Kiingereza kizuri kabisa, kisha nikakuta: "The Earth was dug to a depth of 60 cm." Nilipomuuliza mwandishi, akanijibu kama wenzake wote: Earth ni jina la sayari, na jina huanza kwa herufi kubwa.

Sayari haikuchimbwa. Kilichochimbwa ni udongo. Neno hilo moja la Kiingereza limebeba maana ambazo sisi tumezigawanya: dunia, ardhi, udongo. Herufi kubwa ni ya dunia peke yake, tena inapotajwa kama gimba la angani lenye wenzake: "Earth lies between Venus and Mars." Kwenye udongo ni herufi ndogo. Kwenye misemo kama "what on earth" na "down to earth" ni ndogo pia.

Wateja wangu nawasihi watumie kipimo hiki kabla ya kuniletea kazi: tazama "the". Hakuna asemaye "the Mars". Basi Earth lenye maana ya sayari likisimama bila "the", kama Mars linavyosimama, lipe herufi kubwa. Likitanguliwa na "the" katika maandishi ya kawaida, mwongozo wa Chicago, kitabu cha kanuni za uandishi wa Kiingereza, huliandika kwa herufi ndogo, nami naufuata.

Kwa sun na moon kipimo hicho hakisaidii, maana "the" haibanduki kwao. Hapa miongozo yenyewe inapishana. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia unataka Sun na Moon kwa herufi kubwa. Associated Press, shirika la habari la Marekani, huandika sun na moon. Kwa hiyo tasnifu ya astronomia na habari ya gazeti zinaweza kutofautiana na zote zikawa sahihi. Uliza mapema mchapishaji wako anafuata upi, kisha ushike huohuo mpaka ukurasa wa mwisho. Kuchanganya ndiko hakukubaliki popote.

Wateja hunijia na hoja nyingine pia. "Mwezi uko mmoja tu, basi Moon daima." Mwanaastronomia Galileo aliona minne ya Jupiter mwaka 1610. Hiyo ni "moons" kwa herufi ndogo. Majina yake, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ndiyo yenye herufi kubwa.

"Solar na lunar zifuate Sun na Moon." Hapana, zote ndogo. Martian ndiyo kubwa.

"Mercury ni kubwa popote." Ile iliyomo kwenye kipimajoto, yaani zebaki, ni ndogo.

Wengine huandika Star, Planet au Universe kwa kuwa ni vitu vikuu. Herufi kubwa haipimi ukuu.

Na mnaporekebisha, tafadhali msiiamuru kompyuta ibadilishe kila "earth" kwa mkupuo. Pitieni moja moja. Nimeshakuta "unEarthed" katikati ya tasnifu iliyokuwa imebakiza siku mbili kuwasilishwa.