Hatujatimia: neno kuhusu akidi katika vyama vyetu vya kitaaluma

Juzi usiku nimetoka zamu, nimefungua simu, nakuta ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye grupu la wauguzi tuliosoma pamoja. Mdogo wangu mmoja, muuguzi wa wilayani, amehamishwa kituo na stahiki za uhamisho hajalipwa. Leseni yake nayo inakaribia kuisha. Na chama chetu cha kitaaluma, anasema, kimelala. "Rais wa chama anafanya nini? Si ndiyo tulimchagua?" Chini yake watu wanamuunga mkono mmoja baada ya mwingine.

Nimekuwa katibu wa tawi kwa miaka sita, nikakaa pia kwenye kamati ya marekebisho ya katiba. Maneno haya nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo nayaandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hapa. Mwisho wake yanaangukia kwenye akidi, yaani idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uweze kuamua.

Yaliyo mepesi niyapitie haraka. Leseni haitoki kwenye chama. Inatoka kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, chombo kinachofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na ndilo linalosajili na ndilo linaloweza kukufuta kwenye rejista. Madaktari wana lao, Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya 2017. Stahiki za uhamisho zinakuhusu wewe na mwajiri wako, na anayekaa mezani na mwajiri kwa niaba yako ni chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, yule ambaye makato yake unayaona kwenye hati ya mshahara kila mwezi. Chama cha kitaaluma ni kitu cha tatu. Ni jumuiya ya hiari, imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, inaishi kwa ada, na kazi yake ni viwango, mafunzo, maadili na kuisemea taaluma kwenye sera. Barua ya kumtetea mwanachama tunaandika, na nimeandika nyingi, lakini barua hiyo haina nguvu ya mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi hufunga na mwajiri.

Simlaumu anayevichanganya. Uingereza chama cha madaktari, BMA, ni chama cha kitaaluma na cha wafanyakazi kwa pamoja. Kenya wamevitenganisha: chama cha madaktari, KMA, kipo tangu 1968 kwa ajili ya taaluma, chama cha wafanyakazi, KMPDU, kikasajiliwa 2011 kwa ajili ya ajira, na baraza lao linasimama peke yake. Ndiyo maana mgomo wa siku 100 wa 2016 na 2017 uliongozwa na KMPDU, na viongozi waliofungwa kwa kudharau amri ya mahakama walikuwa wa KMPDU. Kwetu 2012 mambo yalikuwa magumu zaidi. Mgomo wa madaktari ulikuwa na kamati yake chini ya jina la Jumuiya ya Madaktari, lakini aliyepandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu akidaiwa kukaidi amri ya mahakama alikuwa rais wa MAT, Chama cha Madaktari Tanzania. Sheria ilipotafuta mlango wa kubisha, ilibisha kwenye chama chenye usajili na anwani. Kila nikisikia mtu anasema "chama kiitishe mgomo", nakumbuka mwaka ule.

Lakini hayo siyo yanayoniuma. Linaloniuma ni hilo la "rais anafanya nini".

Rais wa chama cha kitaaluma hana chama. Chama ni cha Mkutano Mkuu. Kati ya mkutano mmoja na mwingine, Kamati Tendaji inashika yale iliyotumwa na mkutano, na rais anaongoza vikao vya kamati hiyo. Katika katiba nyingi nilizozisoma ana kura moja kama mjumbe mwingine, na ya pili anaipata kura zikifungana tu. Hawezi kupandisha ada. Hawezi kubadili ibara. Tamko mnalomdai usiku wa saa tano, litoke asubuhi, hawezi kulitoa kwa haki bila kikao, kwa sababu likishatoka linakuwa neno lenu nyote, pamoja na wasiokubaliana nalo. Nimewahi kuona kiongozi mmoja akisoma tamko mbele ya waandishi kabla kamati haijakaa. Wiki iliyofuata tuliitumia kuandika barua za kufafanua maana ya alichosema, na wizara ikatuuliza swali moja tu: muhtasari wa kikao kilichopitisha maneno haya uko wapi? Haukuwepo.

Sasa, huo Mkutano Mkuu wenye chama. Nieleze mmoja nilioushika mwenyewe kwa mikono.

Ulikuwa siku ya mwisho ya kongamano la kisayansi, kwenye ukumbi wa chuo. Kongamano lenyewe lilijaa hadi watu wakasimama, kwa sababu linatoa pointi za mafunzo endelevu. Mkutano Mkuu uliitishwa saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu mwenyekiti akaniinamia: "Katibu, tumetimia?" Nikachukua daftari la mahudhurio, nikahesabu sahihi. Nikaacha daftari, nikahesabu vichwa, safu kwa safu. Katiba ilitaka nusu ya wanachama hai, na hai maana yake aliyelipa ada ya mwaka ule. Hai walikuwa 318. Tulihitaji 159. Ukumbini walikuwa 121. Nikatuma vijana wakawaite waliokuwa nje kwenye mabanda ya wafadhili. Wakaingia wengine kumi na watatu na mifuko yao ya zawadi. 134. Waliobaki walishachukua vyeti, wako stendi.

Kwenye ajenda kulikuwa na hesabu zilizokaguliwa, pendekezo la kupandisha ada ambayo haikuguswa kwa miaka mingi, marekebisho ya ibara tatu, na uchaguzi. Kijana mmoja akasimama: "Tupitishe tu, nani atajua?" Nilijua kwamba atakayeshindwa kwenye uchaguzi ule ndiye atakayejua wa kwanza. Angepeleka malalamiko kwa Msajili akiwa na nakala ya daftari langu, na angekuwa na haki.

Mbele kabisa alikaa matroni mmoja mstaafu. Alikuja kwa basi, kwa nauli yake mwenyewe, na ada yake huwa analipa Januari. Akaniita. "Mwanangu, tumetimia?"

"Hatujatimia, mama."

"Basi tuongee yote. Tusiamue kitu."

Tukaongea hadi saa nane mchana, na hatukuamua kitu. Mwaka mzima uliofuata chama kiliendeshwa na kamati iliyomaliza muda wake, kwa ada ileile ya zamani, na hesabu ambazo mkaguzi alishazisaini lakini wenye mali hawajazipokea. Miongoni mwa waliotuma ujumbe wa "chama kimelala" mwaka huo, niliwatambua watano ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha ya vyeti vya kongamano lilelile.

Tulipoanza kurekebisha katiba tukaingiza kifungu ambacho vyama vingi vinacho: mkutano ukikosa akidi unaahirishwa, na ukiitishwa mara ya pili, watakaofika ndio akidi. Niliandika rasimu yake mimi. Nilidhani nimetibu ugonjwa. Leo sina uhakika huo. Nimeona kifungu cha namna hii kikiokoa chama kilichokwama miaka miwili. Nimeona pia kikundi kikikaa nje kwa makusudi mkutano wa kwanza uvunjike, kisha kikajaa kwenye wa pili, watu arobaini wakabadilisha ukomo wa uongozi wa chama cha mamia. Akidi ikiwa juu, wasiokuja ndio wanaotawala. Ikiwa chini, wanaotawala ni wale wenye nauli. Wanaofundisha utawala bora huandika "akidi iwe ya kuridhisha" na kupita. Ya kuridhisha kwa nani? Kwa muuguzi wa zahanati ya mpakani aliye peke yake zamu, hakuna siku ya kuridhisha kusafiri.

Wala tusidhani ni shida ya umaskini wetu. Mwaka 2018 wanachama wa Royal College of Nursing, chama cha wauguzi cha Uingereza, walihisi wamepotoshwa na viongozi wao kuhusu nyongeza ya mishahara. Hawakuishia kulalamika. Walikusanya saini, wakalazimisha mkutano wa dharura ambao ulifanyika Birmingham mwezi Septemba, na asilimia 78 ya kura zikasema hatuna imani na Baraza la uongozi. Wajumbe wakatangaza kuachia ngazi. Napenda sana kisa hiki, kwa kuwa kinaonyesha chama kinavyochukuliwa na wenyewe kwa njia iliyoandikwa. Lakini kinaninyima usingizi pia: waliopiga kura hawakufika asilimia 4 ya wanachama. Katika chama cha mamia ya maelfu, chenye kura za mtandaoni na wafanyakazi wa kuajiriwa, asilimia 96 walikaa pembeni siku uongozi wao unang'olewa.

Kuna wanaosema dawa ni kulazimisha. Mawakili wa Tanganyika wanafanya hivyo: chama chao, TLS, kimeanzishwa kwa sheria, na kila wakili ni mwanachama, apende asipende. Wenzangu wengi wanataka sisi nasi tuwe hivyo, leseni isitoke bila risiti ya ada ya chama. Fedha zingepatikana, hilo nakubali. Bado naogopa mambo mawili. Chama kilichoundwa na sheria, Bunge linaweza kukibadilisha kwa sheria. Na kiongozi mwenye uhakika wa ada haoni sababu ya kunipigia simu. Nimelipinga pendekezo hilo mara mbili kwenye kamati, na mara zote mbili nimerudi nyumbani nikijiuliza kama nimekosea.

Jambo moja zaidi, kwa sababu huulizwa kila baada ya uchaguzi: "Viongozi wapya miezi miwili wamefanya nini?" Mara nyingi wamekaa kwenye foleni ya benki. Benki haibadilishi watia saini kwa kuwa imesoma matokeo kwenye grupu. Inataka muhtasari wa Mkutano Mkuu uliosainiwa, vitambulisho na barua. Ikikuta muhtasari hauonyeshi idadi ya waliohudhuria na akidi iliyotakiwa, inaurudisha. Nami nimewahi kurudishiwa. Ilibidi nimfuate mwenyekiti aliyemaliza muda wake mkoa mwingine ili asaini ukurasa mmoja.

Nimempigia simu mdogo wangu jana. Suala la uhamisho nimempa namba ya katibu wa TUGHE wa tawi lake. La leseni nimemwelekeza kwenye mfumo wa Baraza. Kisha nikamwuliza kama ana kadi ya chama. Anayo, ya mwaka aliohitimu. Nikamwambia katiba yetu inaruhusu robo ya wanachama hai kuitisha mkutano maalumu kwa saini zao, na rais hawezi kuukataa. Akanyamaza kidogo.

"Dada, hai ni aliyelipa lini?"

"Aliyelipa kabla ya tarehe 31 Machi."

Akaniomba namba ya mweka hazina. Nimemtumia, pamoja na ibara ya kuhudhuria kwa njia ya mtandao ninayotaka kuiwasilisha mkutano ujao. Ibara hiyo nayo, ili ipite, inahitaji akidi.