Seva ya ofisi uweke Windows au Linux? Kwanza nambie nani ataiangalia

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kunipigia, fundi nimenunua seva, niweke Windows au Linux? Na mi nauliza yaleyale, inaenda kufanya kazi gani na nani atakuwa anaiangalia we ukishaondoka. Watu wanadhani nazuga, lakini mfumo endeshi wenyewe huwa nauchagua mwisho kabisa.

Kama ofisi ina programu ya uhasibu inayokubali Windows tu, na kompyuta zote zinaingia kwa Active Directory (mfumo wa Microsoft unaoweka akaunti na paswedi za watumiaji wote sehemu moja), hapo usijitie ushujaa, weka Windows Server. Najua Samba, programu ya bure ya kuifanya Linux ielewane na kompyuta za Windows, inaweza kushika hio kazi ya Active Directory toka toleo la 4 lilipotoka 2012, nshaifunga na inapiga kazi, ila siku ikigoma mhasibu hataki kusikia habari za Samba, anataka kufunga mahesabu ya mwezi.

Shida ya Windows ni hela. Leseni inahesabiwa kwa koa (cores) za prosesa, mashine yako hata ikiwa na koa 8 unalipia 16, halafu juu yake kuna leseni nyingine za CAL kwa kila mtu au kila kifaa kinachoingia kwenye seva. Bosi akiona invoisi anakwambia kuna kijana anaweka kwa elfu thelathini tu.

Hio ya elfu thelathini nshaikuta. Duka la vifaa vya ujenzi, seva iko chini ya meza ya keshia pembeni ya ndoo ya rangi, feni imejaa vumbi la simenti, Windows ya kukraki na apdeti zimezimwa makusudi ili kraki isishtukiwe, halafu poti 3389, mlango wa kuingilia Windows ukiwa mbali, iko wazi kwenye intaneti ili bosi aingie akiwa nyumbani, paswedi ni jina la duka. Asubuhi moja wanafungua wanakuta kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni na kuna ujumbe unadai bitikoini. Bakapu ilikuwepo, eeh, kwenye diski ya nje iliyochomekwa humohumo masaa 24, nayo ikafungwa na mengine yote.

Kwa tovuti, DNS (ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), proksi au kugawana mafaili, mi ni Linux, na hapa kitu cha kuangalia ni tarehe ya mwisho wa apdeti kuliko hata uzuri wa mfumo. Yalinikuta na CentOS 8, Linux ya bure ya seva. Nilimwambia mteja kwa kujiamini kwamba tumepata mfumo wa mpaka 2029, manake ndo ilivyokuwa imepangwa, Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba mwisho ni tarehe 31 Desemba 2021. Bahati nzuri mwaka huohuo 2021 wakaja AlmaLinux na Rocky Linux kuchukua nafasi yake, nikahamisha usiku kwa skripti, lakini ile simu ya kumweleza mteja sitaki kuirudia.

Siku hizi nabaki na Linux za Debian au Ubuntu LTS (yaani toleo la kuapdetiwa muda mrefu), zote miaka kama mitano ya apdeti bure, kwa mfano Ubuntu 24.04 inakwenda mpaka 2029. Sehemu yenye intaneti ya kusuasua naweka Debian bila mambo ya desktop, inakuwa nyepesi na vya kuapdeti vinakuwa vichache. Ila kama anayebaki pale ni kijana katoka chuo na kasomea Ubuntu, naweka Ubuntu bila ubishi, akipata erori aisachi ajibiwe, asinipigie mimi saa saba usiku. FreeBSD, mfumo mwingine wa bure ambao sio Linux, naipenda sana, ila naishia kuitumia ndani ya pfSense, kwa ajili ya fayawoli basi.

Lile duka nimewawekea Debian 12 na Samba kwa ajili ya mafaili, programu ya stoo imebaki kwenye kompyuta ya kawaida yenye Windows ya halali, na diski za bakapu ni mbili, zinabadilishana kila Ijumaa, moja inalala nyumbani kwa mwenye duka. Poti 3389 nimefunga, bosi anaingia kwa VPN, njia iliyofungwa kwa siri. Keshia nimemfundisha komandi moja tu, df -h, inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, akiona imepita asilimia 80 anipigie. Juzi kanipigia mbio mbio, nikamuuliza imefika ngapi, akanambia 41, alitaka tu kujua kama anaisoma sawasawa.