"Umepigwa jicho tu": tunayoambiana kuhusu kuchoshwa na kazi, na ukweli wake

Mwaka wa saba wa kazi yangu ya uhasibu, katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, nilikaa mbele ya kompyuta nikausoma mstari mmoja wa hesabu mara tisa bila kuuelewa. Haukuwa mgumu. Jedwali lile nililitengeneza mwenyewe. Jioni nikapanda daladala kurudi nyumbani Tunguu, nikapitiliza kituo, nikaja kushtuka Mwanakwerekwe. Kabla wiki haijesha, kila aliyenijua alikuwa na jawabu lake.

"Umepigwa jicho."

La shangazi hilo. Kwetu mtu akipandishwa cheo mara mbili ndani ya miaka mitatu, akasimamisha na nyumba, kisha akaanza kunyong'onyea, haulizwi analala saa ngapi. Huulizwa nani kamhusudu. Basi nikasomewa, nikanywa na kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya aya, wala sijuti: nusu saa ile ya kisomo ndiyo pekee katika wiki nzima ambayo simu yangu ilikuwa imezimwa.

Na hasad sibishani. Ila hali niliyokuwa nayo, kuchoshwa na kazi, ambayo Waingereza huiita "burnout", imeshaandikwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza mwaka 1974, baada ya kuwaona wafanyakazi wa kliniki ya bure huko New York, watu walioanza na ari kubwa, wakiishiwa mmoja mmoja, na yeye mwenyewe akiwemo. Leo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, linaitaja kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala haliiiti ugonjwa. Chanzo chake ni shinikizo la kazini la muda mrefu lisilodhibitiwa, na alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kuikimbia kazi au kuibeza, na kujiona hufanyi la maana hata ukifanya.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha. Mgeni akija kuulizia risiti yake, nilimjibu kama mtu aliyenitukania mama.

"Kamba hukatikia pembamba."

Kwamba anayeanguka ni dhaifu. Kwa kamba ni kweli. Kazini nimeona kinyume chake, kwa sababu mzigo haugawiwi kwa mizani: anayemaliza ndiye anayeongezwa. Ripoti ya dharura ikitakiwa saa kumi na moja jioni, hapewi yule anayechelewesha kila kitu. Unapewa wewe, pamoja na maneno matamu, "wewe ndiye tegemeo letu," na malipo yake huwa ni hayo maneno. Na asiyejua kukataa hudhani ameheshimiwa. Mimi nilidhani hivyo miaka saba.

Mtafiti Christina Maslach wa California, ambaye kipimo chake cha hali hii kilitoka mwaka 1981, pamoja na mwenzake Michael Leiter, walitaja mambo sita ambayo yakimwendea mtu kombo kazini humchosha: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, mahusiano na wenzake, haki, na kulingana kwa kazi na yale anayoyaamini. Hebu yahesabu tena. Wingi wa kazi ni jambo moja tu kati ya sita. Kwa upande wangu, kilichonimaliza hasa ni la pili: tarehe ya kufunga hesabu ilibadilishwa karibu kila mwezi, na mimi ninayezifunga nikiarifiwa wa mwisho, tena kwa ujumbe wa simu.

"Wanaochoka ni wasioipenda kazi." Hapana. Asiyeipenda saa ikifika anaondoka zake.

"Nenda Pemba ukapumzike, utarudi mzima."

Nilikwenda. Wiki nzima kwa ndugu zangu, hewa ya mikarafuu, samaki wa kuchoma, kompyuta begini. Siku ya pili meli imeshanisahau, ofisi bado. Niliporudi nilikuwa na nguvu za siku kumi hivi, kisha nikarejea pale pale. Watafiti wa mambo ya likizo wameliona hilo mara nyingi: likizo inasaidia kweli, lakini faida yake hufifia ndani ya wiki chache ukirudi kwenye kazi ile ile iliyopangwa vile vile.

Kinachodumu zaidi ni mapumziko madogo ya kila siku, na sharti lake ni akili itoke kazini pamoja na mwili. Baraza letu lilikuwa na dawa hiyo zamani, mtu anakaa na wenzake wakibishana mpira mpaka anasahau alikotoka. Siku hizi tunakaa baraza moja, kila mmoja anajibu bosi wake kwenye simu. Na kahawa ya baada ya Isha nayo ina hesabu yake: kwa watu wengi, saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Mimi nilikuwa nalala nne na kujisifu.

"Mchumia juani hulia kivulini."

Wengi wetu tumeigeuza methali hii kuwa ruhusa ya kujiua. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunahusiana na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Nilipiga hesabu ya saa zangu za msimu wa wageni. Zilipita sitini.

"Ukienda kwa daktari wa akili utaitwa kichaa."

Mtu akitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, hudhani anatukanwa, basi anabaki nyumbani na maumivu yake. Lakini uchovu usiokwisha unaweza pia kuwa upungufu wa damu, sukari, au tezi ya shingo, na hayo hujulikana kwa kupimwa. Unaweza pia kuwa sonona, ambayo haikuachi ukitoka ofisini. Inakufuata mpaka kwenye harusi ya mdogo wako. Ukianza kufikiria kujidhuru, usingoje kesho, nenda hospitali na mtu wako wa karibu.

Mimi nilipimwa, damu ikawa salama. Nikaandika kwenye karatasi kila kazi ninayoifanya: ishirini na tatu, na tisa kati yake hazikuwa zangu. Sikumwambia meneja kuwa nimechoka, maana nilijua angenipa pole. Nilimwekea karatasi mezani nikamuuliza zipi zibaki. Alinyamaza muda mrefu. Tano zikaenda kwa wengine siku ile ile, tarehe ya kufunga ikawa moja, na baada ya Magharibi wanampigia mhasibu wa zamu.

Shangazi anaamini ni kombe. Simkatalii. Kila Ijumaa nikienda kumsalimia, simu naizima mlangoni, na yeye huiangalia ile simu kuliko anavyoniangalia mimi.