Je, wajua kwa nini ngazi maarufu ya Chilkoot haipo tena mlimani?

Kuna picha ya majira ya baridi ya 1898 ambayo huenda umewahi kuiona bila kujua ni ya wapi. Ni mteremko mweupe wa theluji, mkali kama paa la nyumba, na juu yake mstari mweusi wa watu walioinama, mmoja nyuma ya mwenzake, kutoka chini hadi kileleni. Hao ni wasaka dhahabu wakivuka mlango wa Chilkoot, pengo la milima kwenye mpaka wa Alaska na Kanada, wakielekea Klondike, eneo la dhahabu kaskazini-magharibi mwa Kanada. Pale walipokuwa wakikanyaga palijulikana kama Ngazi ya Dhahabu, na vidato vyake vilikuwa kama 1,500.

Ukifika hapo mwezi wa Julai na picha hiyo mkononi, hutaona hata kidato kimoja. Utakuta majabali yaliyorundikana, na itakubidi upande kwa mikono na miguu. Hakuna aliyeivunja ngazi hiyo. Ilichongwa kwenye theluji na barafu, kwa hiyo jua la kiangazi liliiyeyusha yote.

Sasa itazame tena picha. Kwa nini mstari ule haukatiki? Dhahabu ilipatikana karibu na mto Klondike mwezi Agosti 1896. Habari zilienea duniani Julai 1897, meli zenye wachimbaji waliotajirika zilipotia nanga San Francisco na Seattle. Inakadiriwa watu 100,000 walifunga safari. Hata hivyo, wingi wa watu peke yake hautoshi kueleza mstari ule. Wengi unaowaona hapo walikuwa wamekwisha kuupanda mlima huo mara nyingi.

Kileleni walikuwapo polisi wa Kanada, chini ya ofisa Sam Steele. Waliogopa njaa ingeangamiza watu huko ndani, hivyo hawakumruhusu mtu kupita bila chakula na vifaa vya mwaka mzima. Mzigo huo ulifika karibu tani moja. Mgongo wa mtu huchukua kilo 25 au 30, basi piga hesabu: safari 30 au zaidi za kupanda, na kila mara kurudi chini kuchukua furushi jingine. Njia nzima, kutoka pwani ya Dyea hadi ziwa Bennett, ni kilomita 53. Mtu aliyebeba kila kitu mgongoni peke yake, safari 30, alitembea zaidi ya kilomita 3,000 ili kuhamisha mali yake kilomita hizo 53.

Tazama pia kando ya mstari. Katika baadhi ya picha huonekana michirizi iliyonyooka ikishuka mlimani. Hapo ndipo watu walipoteleza kwa makalio kurudi chini, maana kupanda kulichukua saa nyingi lakini kushuka kulikuwa kwa dakika chache. Aliyetoka mstarini kupumzika aliweza kusubiri muda mrefu kabla ya kupata nafasi ya kuingia tena.

Picha nyingi za wakati huo zilipigwa na Eric Hegg, mzaliwa wa Uswidi aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo la Washington. Alibeba kamera nzito na negativu za kioo (vioo vilivyotumika badala ya filamu) katika baridi ileile, na kuna picha inayoonyesha sleji yake, gari la kuteleza juu ya theluji, ikivutwa na mbuzi. Namheshimu sana mtu huyo. Hata hivyo, picha maarufu humfanya mtazamaji adhani wageni ndio walioifungua njia. Watlingit, wenyeji wa pwani hiyo, walikuwa wakiitumia na kuilinda vizazi vingi kabla yao, wakipeleka mafuta ya samaki bara na kurudi na ngozi. Wakati wa msongamano wa dhahabu walifanya kazi ya upagazi kwa malipo ya uzito wa mzigo. Chini kidogo ya mteremko kuna mahali paitwapo Mizani, ambapo mizigo ilipimwa upya na bei ikapanda.

Anayepita leo hukanyaga vitu vya watu hao. Kuna mabaki ya mitambo iliyovuta mizigo kwa kamba za chuma, na karibu na kilele kuna boti za turubai zilizokunjwa ambazo hazikuwahi kuguswa na maji. Sheria inakataza kuokota chochote, hata msumari. Huko Dyea kuna makaburi ya waliofukiwa na maporomoko ya theluji ya tarehe 3 Aprili 1898, yaliyoua watu zaidi ya 60. Vibao vingi vina tarehe hiyohiyo moja.

Dyea ndipo picha na ardhi hutofautiana zaidi. Katika picha ni mji wenye mitaa, hoteli na maduka. Leo ni msitu. Reli ilijengwa kupitia Skagway, mji wa jirani, ikafika Bennett Julai 1899, na hapo Dyea ikakosa kazi. Nguzo za gati yake ya zamani bado zipo, lakini zimesimama kwenye nyasi. Barafu nzito iliyokuwa ikiikandamiza nchi hiyo imepungua, na ardhi inainuka kwa zaidi ya sentimita moja kila mwaka, kwa hiyo bahari imesogea mbali.

Mwisho wa njia, Bennett, picha zinaonyesha vilima vipara. Miti ilikatwa kutengeneza boti, na barafu ya ziwa ilipopasuka mwishoni mwa Mei 1898, zaidi ya boti 7,000 ziliondoka kuelekea Dawson, mji wa wachimba dhahabu huko Klondike, nyingi zikiwa zimeundwa na watu ambao hawakuwahi kuunda boti maishani. Waliofika walikuta viwanja vyenye dhahabu nyingi vimeshachukuliwa tangu zamani. Misonobari imeota tena Bennett, na jengo kubwa lililobaki la enzi hizo ni kanisa la mbao la Mtakatifu Andrew, lililojengwa 1899, mwaka uleule treni ilipofika.